Alama kwenye Mdeki

Siku ya harusi ya dada yangu Zaituni niligombana na watu watatu kabla hata ya saa nne asubuhi. Wa kwanza alikuwa mpishi, aliyetaka nimenye vitunguu. Wa pili shangazi, aliyesema msichana wa miaka kumi na tisa hatakiwi kuonekana na baruti mikononi siku ya harusi ya dada yake. Wa tatu alikuwa Idi, bwana harusi mwenyewe, aliyekuja mpaka uani kunichokoza kwamba nikichelewa na ile bunduki atamchukua Zaituni kimyakimya kama mwizi wa kuku. Idi nilimsamehe palepale. Wale wawili bado.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kwao bila mlio. Akiinua mguu kuvuka kizingiti, bunduki inapigwa hewani, baruti tupu bila risasi, na watu wa vijiji vya jirani wanajua fulani ameolewa. Na bunduki ya kazi hiyo ilikuwa moja tu, ya baba yangu.

Baba aliitwa Maganga, fundi wa magobore. Watu walimletea bunduki zao za kufukuzia nyani na nguruwe mashambani, nyingi zimetengenezwa kienyeji, mtutu ni bomba la lori bovu. Ya kwetu haikuwa hivyo. Ilikuwa ya Ulaya, ya zamani sana, na ukichungulia ndani ya mtutu juani uliona michirizi mitatu imejizungusha kama nyuzi za skrubu. Kwenye mtambo, pale nyundo inaposhuka kugonga fataki, palikuwa na taji dogo na maandishi yaliyolika. Baba alisema hiyo michirizi ndiyo inaifanya risasi inyooke. Kuhusu taji alisema ni la mfalme, ila hakujua mfalme yupi, na hilo lilimkera.

Ilifikaje kwetu? Babu wa babu yake Baba alikuwa mpagazi, Mnyamwezi wa Tabora. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi na mizigo ya vitambaa, na safari moja akarudi na hiyo bunduki. Baadaye akavuka ziwa na msafara, akaoa huko, basi. Vizazi vyote hivyo majirani walituita Wanyamwezi, wakati hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona Tabora.

Kaka sikuwa naye. Kwa hiyo Baba alinifundisha mimi, au niseme alinivumilia, maana nilijifunza kwa kumwibia kwa macho. Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mdeki ni ile fimbo ya chuma ya kushindilia baruti. Baba alikuwa ameikwaruza alama kwa tupa. Ukiitumbukiza kwenye mtutu mtupu, alama inakaa sawasawa na mdomo wa bunduki. Kama ndani kuna kitu, alama inabaki juu. Anayeshindilia anapima kwanza. Anayepokea ili apige, naye anapima, hata kama aliyempa ni mama yake mzazi.

Ijumaa ile ya harusi nilipima, nikamimina. Baruti ya harusi huwa nyingi, karibu mara mbili ya ile ya nyani, maana watu wanataka kusikia. Nikashindilia na karatasi, nikaiegemeza ukutani nyuma ya mlango, nikakaa kumsubiri Zaituni.

Hakutoka. Kabla hajatoka alifika mtu na pikipiki, shati limelowa jasho, akasema watu wenye silaha wameingia kijiji cha juu ya mto na wanashuka.

Sitataja kundi lao. Jina lilibadilika kila mara, risasi zilikuwa zilezile.

Shehe aliharakisha, ndoa ikafungwa, Zaituni akapitishwa mlango wa nyuma na kanga kichwani kama mgonjwa. Hakuna aliyekumbuka mlio. Ile bunduki ilibaki nyuma ya mlango na baruti yangu tumboni.

Siku tatu tulikaa tunasikiliza. Watu walipalilia mihogo huku wamegeuka kutazama upande mmoja. Siku ya nne wazee wakaamua: wanawake, watoto na wagonjwa washuke ziwani kutafuta boti, na wanaume wenye bunduki wakae kwenye kivuko cha mto kuwachelewesha wale jamaa. Bunduki zilikuwa tano. Ukiniuliza leo, kuweka magobore matano mbele ya watu wenye silaha za kisasa ni wazimu. Lakini siku ile hakuna aliyefikiri kushinda. Tulitaka saa mbili tu za kuwafikisha watoto ziwani.

Baba alikuwa na homa, hawezi kusimama. Akasema bunduki achukue Idi, ndiye mwenye shabaha. Mimi niende nikamshindilie, maana mpigaji akishindilia mwenyewe anachelewa. Shangazi akanishika mkono, akasema nakwenda ziwani na wenzangu, na habari imeisha. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Alinijibu, nikamjibu tena. Katikati ya ugomvi huo niliinyakua bunduki nyuma ya mlango na kukimbia nayo, damu inanichemka, na njia nzima mpaka mtoni nilikuwa bado namjibu shangazi kichwani.

Palikuwa na ukungu mtoni. Ilikuwa asubuhi, saa moja hivi.

Idi alikuwa amelala nyuma ya gogo. Akanong'ona, "Dija, ina kitu?"

Nikasema, "Bado."

Nilisema bila kufikiri. Nikamimina baruti. Nikaweka risasi. Nikashindilia.

Ng'ambo, majani yakatikisika.

Idi akanyoosha mkono. Nikampa. Akaweka fataki, akalenga.

Sikupima.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka moshi, na masikio yakilia kama jiko la pampu. Moshi ulipopungua Idi alikuwa amekaa, ananitazama kwa jicho moja. Mkono wa kushoto, ule ulioshika mtutu, haukuwepo kuanzia juu kidogo ya kifundo.

Hakulia. Aliniuliza kama watoto wamefika.

Nilimfunga kwa kanga yangu. Wenzetu wawili walitusaidia kumbeba. Wengine wawili walibaki pale mtoni, na hao hawakurudi. Baadaye watu walisema ule mlipuko uliwalaza chini wale jamaa, wakadhani tuna bomu, na ndiyo maana tulipata nafasi ya kuondoka. Inawezekana. Mimi sitaki kosa langu lipewe sifa.

Ziwani boti ilikuwa inapakia. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye jiwe. Nilimwekea miguuni ile bunduki, sijui kwa nini niliibeba. Mtutu ulikuwa umechanuka kama ganda la ndizi. Akaugeuza, akaingiza kidole, akanusa. Kisha akanitazama. Fundi hahitaji kuambiwa. Alijua siku ile ya harusi niliishindilia, na alijua haikupigwa.

Mama Idi alikuwa amempakata mwanawe, kanga zote damu. Akasema, kwa sauti ambayo boti nzima iliisikia, "Maganga, hicho chuma chako kimenimalizia mwanangu."

Nikafungua mdomo. Baba akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikaumia.

"Mtutu ulikuwa umechoka," alisema. "Nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Ndiyo hayo. Mimi ambaye nasema hata nisiyoulizwa, siku ile nilinyamaza, na kesho yake kunyamaza kukawa rahisi zaidi.

Boti ilipofika katikati ya maji, Baba aliung'oa mtambo kwa bisibisi, vingine vyote akavitupa ziwani. Kigoma tulipokaguliwa askari wa kike aliushika ule mtambo akauliza ni nini. Baba akamwambia ni kipande cha cherehani ya marehemu mke wake. Yule dada akauangalia, akamwangalia mzee mwenye homa, akamrudishia. Akasema, "Pole, baba. Cherehani hiyo ilikuwa nzito."

Idi alipona. Jicho halikurudi, mkono haukurudi, yeye alirudi. Tulikaa kambini miaka mitatu, halafu karatasi zikatoka, tukapanda treni kuja Tabora. Baba ndiye aliyetaka Tabora. Alikaa dirishani siku nzima akisoma majina ya vituo kwa sauti, Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, kama mtu anayeitwa darasani na kuitika. Ile ni njia ya babu yake, alisema, ila mzee alikwenda kwa miguu na mzigo kichwani.

Stesheni ya Tabora, mtu wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa mzee mwenye gunia la karanga begani. Baba akamsalimu kwa neno alilorithi kwao. "Mwangaluka."

"Mwangaluka," yule mzee akaitikia, akapita na gunia lake.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Vizazi vyote tumekuwa njiani, alisema, na jamaa ameitikia tu kama vile nimetoka sokoni.

Tulipanga vyumba mtaa wa Isevya, sisi na watu wengine wachache wa kijiji chetu. Mimi nilianza kuzungukia mafundi wa mageti. Hakuna aliyenifundisha. Nilisimama kando nikatazama, nikafukuzwa, nikarudi. Nilichomelea bila miwani mpaka macho yakavimba kama ya chura. Sasa nina karakana yangu ndogo barabarani. Geti ukiniletea leo, unalikuta limekaa sawa kesho.

Baba hakushika tupa tena. Kazi ndogo tu, hata bawaba ya kabati, akiombwa anasema mikono imechoka. Na watu wetu walikuwa wanasema. Fundi mbovu. Kamkata mkono mkwewe mwenyewe kwa uzembe. Nilipigana na kila aliyesema. Muuza mkaa mmoja nilimmwagia maji ya kuoshea samaki, na nikitaka naweza kurudia. Nilimtetea Baba kwa kila mtu, ila neno moja ambalo lingemaliza kelele zote sikulisema.

Siku moja nilimwambia nimechoka, nakwenda kusema. Akanijibu taratibu, kama kawaida yake, "Wewe una miaka mingi ya kufanya kazi na mikono hiyo. Ukisema leo, hakuna atakayekupa hata kikaango umzibie. Mimi nimeshamaliza. Niachie hilo."

Nikamwachia. Alifariki hospitali ya Kitete, wakati wa mvua, akiwa ameshika mtambo wake chini ya shuka. Mazishini walikuja wengi. Mama Idi, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu, hakuja. Miaka yote hiyo hakuwahi kula kwetu wala kupita mbele ya mlango wetu. Alizungukia nyuma, kwenye matope.

Mwaka huu Zaituni akajifungua mtoto wa kiume. Wa kwanza na wa pili ni wasichana. Idi, ambaye sasa anauza asali sokoni na anafunga chupa kwa mkono mmoja haraka kuliko wewe na miwili yako, akasema mtoto ataitwa Maganga.

Mama yake akasema hapana. Kwa mila yetu mtoto anapewa jina siku ya saba, na nyanya mzaa baba asipokubali, jina halitamkwi. Akasema ndani ya nyumba aliyomo yeye hakuna atakayeitwa jina la mtu aliyemlemaza mwanawe.

Nilifika pale siku ya tatu na kelele zangu. Nikamwambia hana shukrani. Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi kuliko mafundi wote aliowahi kuwaona. Akaniuliza swali moja, hata hakupandisha sauti. "Sasa kwa nini ilipasuka?"

Nikaondoka. Ndiyo mara ya kwanza nimewahi kuondoka kwenye ugomvi.

Kesho yake nilikaa karakanani bila kazi, mtambo wa Baba mezani. Nikalipiga picha lile taji, nikaanza kutafuta kwenye simu. Kiingereza changu nimejifundisha kwa kamusi, kwa hiyo ilinichukua siku mbili na bando lote. Nikaona picha za bunduki kama ile. Zilitengenezwa Ulaya. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, pande zote mbili zilizinunua kwa maelfu na meli zikazivusha. Vita vilipoisha, bunduki za aina ile zilizokuwa zimezagaa ziliuzwa dunia nzima, na nyingine zikaishia Zanzibar, zikapanda huku mabegani mwa watu kama babu yetu. Siwezi kuapa kwamba ya kwetu ilikuwa mojawapo. Ila taji ni lile. Nilitamani Baba awepo nimwambie ni mfalme yupi, na kwamba hakuwa mfalme, alikuwa malkia.

Halafu nikasoma kitu kingine. Baada ya pigano moja kubwa la vita vile, waliokusanya bunduki uwanjani walikuta nyingi zimeshindiliwa mara mbili. Nyingine mara tatu na zaidi, risasi juu ya risasi. Wenyewe walikuwa askari, wamefunzwa, wana makamanda. Mikono ilitetemeka tu, wakasahau wameshaweka.

Nilisoma mara nne kuhakikisha sijakosea kutafsiri. Kisha nikavaa kinyago cha kuchomelea, nikalia humo ndani, wateja wakadhani nipo kazini.

Sikuona kwamba kosa langu limefutika. Lakini nilikuwa nimeamini mimi ndiye mtu wa kwanza duniani mwenye mikono ya laana, na kumbe walinitangulia wengi, na bunduki zilezile. Kosa la namna hiyo mtu anaweza kulitamka.

Siku ya sita, baada ya swala ya alasiri, nilikwenda. Nilibeba mtambo, na mdeki niliotengeneza mwenyewe kwa nondo, nikaukwaruza alama. Mama Idi alikuwa mkekani anachambua mchele wa kesho. Idi alikuwa amempakata mtoto. Zaituni yuko mlangoni.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Alichelewa. "Marahaba."

Nikamweleza yote. Baruti ya harusi. Mlio ambao haukupigwa. Shangazi. Ukungu. "Idi aliniuliza kama ina kitu, nikasema bado. Nilikuwa nimeijaza kwa mikono yangu siku nne nyuma. Sikupima. Mtutu haukuchoka, mama. Baba alisema uongo kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha afe nao."

Nikamwonyesha mdeki, alama, namna inavyopimwa. Akauchukua, akapitisha kidole kwenye alama, akarudia.

Ndipo Idi akasema, macho yako kwa mtoto. "Na anayepokea naye anapima, si ndivyo?"

Akamsogeza mtoto kifuani.

"Mzee alinifundisha mimi pia. Nilipokea, nikaweka fataki. Kwa nini unafikiri sijawahi kukuuliza, shemeji? Ningekuuliza, ungeniuliza."

Mchele ulikuwa umemwagika kidogo kwenye mkeka na Mama Idi alikuwa anaukusanya punje kwa punje, muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Kwa hiyo," akasema mwisho, "miaka yote hii yule mzee alikuwa amewabeba nyinyi wawili. Na mimi nikamwongezea."

Akainuka. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Akajifunga kanga ya pili, akaniambia, "Nionyeshe alipolala."

Tulikwenda kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Kaburini aling'oa majani kwanza, akayaweka pembeni vizuri. Kisha akachuchumaa.

"Mkwe," alisema, "nimechelewa."

Mimi nahesabu hivi. Wawili waliobaki mtoni hawana kaburi ninaloweza kuling'olea majani. Kijiji kimekuwa pori, nimeambiwa, na njia ya kivukoni haionekani. Mkono wa Idi hautaota. Baba jina lake limesafishwa naye hayupo kusikia, na hilo ni deni nitakalokufa nalo. Karakanani sasa kuna watu wa kwetu hawaleti tena kazi zao, kama Baba alivyosema. Wachache. Wengine wanaleta, na wanasimama kuniangalia nikipima. Waangalie.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, mbuzi akachinjwa, shehe akauliza jina. Wote tukamgeukia Mama Idi. Alikuwa amemshika mtoto begani, na mtoto analia kwa sauti ya kugomba ambayo Zaituni anasema ni yangu tupu.

"Maganga," akasema Mama Idi, akimpigapiga mgongoni. "Nyamaza, Maganga. Umeshafika."